Daktari kijana wa meli ya vita Alabama: alikosea kukataa mtumbwi?

MwanafunziKadutu (Bukavu)
Jambo zenu wakubwa. Niko mwaka wa pili wa uuguzi, sasa niko staji upande wa upasuaji, na kuna mtu hanitoki kichwani: David Herbert Llewellyn. Mwingereza, mtoto wa kasisi, alisomea udaktari Charing Cross Hospital, London. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani akawa daktari msaidizi kwenye CSS Alabama, meli ya vita ya watu wa Kusini, waliotaka kujitenga. Tarehe 19 Juni 1864, mbele ya Cherbourg, Ufaransa, ilipigana na USS Kearsarge, meli ya Kaskazini, kama saa moja hivi, ikazama.

Alikuwa chini, anapasua. Kombora likaingia, likabeba meza pamoja na mgonjwa aliyelala juu yake. Akabaki amesimama palepale, hana mgonjwa. Meli ilipoanza kwenda chini akashusha majeruhi kwenye mtumbwi. Wakamwita apande, akakataa asije akawazamisha. Hakujua kuogelea. Alikufa maji hata miaka 30 hajafika.

Walimu wanatuambia: jilinde kwanza, ndipo usaidie. Basi huyu alikosea? Na walipasua vipi ndani ya meli inayopigwa?

MuugaziMzee (Goma)
Mwanangu, hakukosea. Kanuni hiyo ni ya anayetaka kuingia kwenye hatari. Yeye alikuwa ndani tayari, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya mgonjwa. Wewe ni mtoto wa Kivu, unajua chombo kilichojaa kinafanya nini. Kituku, bandari yetu ya ziwa hapa Goma, Oktoba 2024, watu walizama bandari wanaiona kwa macho.

Kuhusu kazi: daktari aliwekwa chini kwa sababu mizinga iko juu, lakini Kearsarge ilikuwa na mizinga ya inchi 11, na ubao hauzuii kitu hicho. Dawa ya usingizi ilikuwepo, klorofomu, tangu 1847. Mfupa ukishasagika walikata mguu haraka, maana ungeoza. Usafi ndio ulikosekana: Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alitangaza njia yake ya kuua vijidudu 1867, miaka mitatu baadaye. Kidole kilichotoka kwenye jeraha hili kiliingia kwenye lile. Inaniuma kila nikifikiria, kwa sababu walijitahidi kweli.

Na siku nyingi melini hakukuwa na mapigano. Kazi ya daktari ilikuwa homa, kuhara, meno.

KijanaHimbi (Goma)
Yaya, semeni yote. Kusini walipigania kubakiza utumwa, na Alabama ilikamata meli za biashara zaidi ya 60 kwa ajili yao. Mimi ningependa tuwataje wanawake weusi waliotoka utumwani wakauguza wagonjwa kwenye Red Rover, meli ya hospitali ya Kaskazini kule mto Mississippi.

MwanafunziKadutu
Umesema kweli, siifuti. Aliitumikia meli mbaya. Lakini majeruhi aliowashusha walipelekwa Kearsarge, kwa daktari wa adui, John M. Browne, akawahudumia. Mnyororo ule wa mikono miwili ndio unaonishika. Aksanti kwa Red Rover, natafuta habari zao leo hii.

MuugaziMzee
Tafuta Ann Bradford Stokes, mmoja wa wauguzi hao wa Red Rover, anza na huyo. Na ukija Goma wikendi, vaa jile la kuokolea kabla boti halijang'oa nanga, hata wenzako wasipovaa.