Naomba ushauri: mbwa wangu anatafuna kwale badala ya kumleta

Habari zenu wakuu. Nipo Chamwino, Dodoma. Nina mbwa aina ya Labrador, dume, miezi 8, namfundisha kuokota kwale na kanga tukianza kuwinda (kibali nitakata kabla). Mpira analeta vizuri, hata soksi niliyofungia mabawa ya kwale anaileta mpaka mkononi. Shida ni ndege mwenyewe. Juzi nilimrushia kwale aliyekufa, bado wa moto. Akamdaka, akakimbilia chini ya mgunga, akaanza kumtafuna. Nikamkimbiza, akaona ni mchezo, akazidi kwenda mbali. Nadhani hapo nilikosea mimi.

Jirani yangu, mzee wa Kigogo aliyewinda na mbwa tangu ujana, anasema nimchape. Namheshimu sana mzee, ila mbwa huyu ni mwoga wa kukaripiwa, nahofia ataacha kuokota kabisa. Nimfunge kamba ndefu nimvute taratibu? Au nirudi kwenye ndege aliyegandishwa kwenye friji, ambaye hatafuniki kirahisi?

Pia mlio wa bunduki bado sijamzoesha. Nianzie umbali gani? Mazoezi nafanya saa 12 asubuhi tu, maana jua la huku na mbigili vinamtesa nyayo.