Kazi za wateja, duka lako au wanachama: mchoraji anayetaka kujitegemea ashike njia ipi?

Wino_Mweusi

Wakuu, salaam. Nachora vielelezo. Nimeajiriwa kwenye kampuni ya matangazo na nimepania kutoka. Kazi yenyewe si mbaya, mshahara unaingia kwa tarehe, ila ninachokichora mchana ni mali ya ofisi, na ninachokipenda nakichora usiku macho yakiwa mekundu.

Nikitazama mbele naona milango mitatu. Wa kwanza ni kuchukua kazi za wateja: majalada ya vitabu, majarida, vifungashio. Wa pili ni kufungua duka mtandaoni niuze michoro yangu, ya karatasi na ya faili. Wa tatu ni uanachama, yaani watu walipie kila mwezi waone ninavyochora, wapate mafunzo na michoro kabla ya wengine.

Naomba msiniambie nifuate ndoto zangu, hilo nimeshaambiwa la kutosha. Mliopita huko nielezeni milango hii inatofautiana wapi hasa: pesa, muda, na nani anashika usukani.

Fundi wa Mistari

Dada, karibu. Mimi niko upande wa wateja na sijuti. Kati ya hizo tatu, ni njia pekee inayoweza kukulipa mwezi huuhuu. Duka linataka watu wakujue kwanza. Uanachama unataka wakupende kwanza. Mteja hana haja ya kukupenda, anachotaka ni jalada lake lifike mtamboni kabla ya tarehe aliyopewa.

Ila asikudanganye mtu kwamba ukiacha ajira huna tena bosi. Unakuwa na mabosi kadhaa kwa mpigo, na kila mmoja anaamini yuko peke yake. Kinachokuokoa ni karatasi. Kabla sijagusa penseli, nusu ya malipo iwe imeshaingia. Awamu za marekebisho ziwe zimetajwa. Mimi natoa mbili, kuanzia ya tatu zinalipiwa. Na iandikwe kwamba kazi ikifutwa katikati, kile kianzio hakirudi. Mteja akigoma kutoa kianzio, mshukuru, maana amejionyesha mapema kabla hujakesha kwa kazi yake.

Jambo jingine ambalo wanaotoka ajirani hulikosea: panga bei kwa matumizi, usipange kwa saa. Mchoro ukitoka kwenye toleo moja la jarida, na mchoro huohuo ukakaa kwenye mabango mwaka mzima, hizo ni bei mbili tofauti kabisa. Ukiuza saa zako, kadiri mkono unavyozidi kuwa mwepesi ndivyo unavyozidi kujipunja.

Ubaya upo, sitauficha. Wateja hukuita kwa kile ulichokwisha kufanya. Ukifanya jalada zuri la kitabu cha watoto, miaka inayofuata ni sungura na tembo tu. Kama kuna mtindo unaoutaka, uchore bila kulipwa uuweke hadharani, la sivyo hakuna atakayejua unauweza.

Kijana Pikseli

Wakubwa zangu shikamooni. Mimi naona uanachama ndio mpango mzima. Mwaka 2008 Kevin Kelly, mwandishi wa Marekani, alipiga hesabu ambayo wabunifu wote wanaijua: ukiwa na mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akakuachia dola 100 kwa mwaka, tayari una dola 100,000. Huhitaji umaarufu wa dunia nzima. Watu 1,000 tu! Hakuna mteja wa kukukaripia, hakuna vifurushi vya kufunga.

BintiKaratasi

Kijana, marahaba. Watu 1,000 tu, umesema kirahisi kweli 😄

Wino, mimi nina duka. Nianze na kile ambacho picha nzuri za mitandaoni hazionyeshi: ukiuza karatasi, sehemu kubwa ya wiki yako ni stoo. Kila chapa, yaani mchoro uliochapwa, inaingia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadibodi nyuma ili isikunjike, kisha bahasha ngumu, kisha selotepu pembe zote nne kwa sababu pembe ndizo zinazoumia njiani. Mnunuzi akipata kona moja imepinda anataka nyingine, na ana haki. Ukitumia mirija, chapa inafika salama, lakini kubwa zikikaa humo muda mrefu zinagoma kunyooka na barua za malalamiko zinakuja upande mwingine. Anwani hazikamiliki. Mtu anaandika jina la mtaa anasahau namba, halafu anauliza mbona hajapata.

Kwa hiyo nimehamisha uzito kwenye faili: brashi za kidijitali, michoro ya kuchapa mwenyewe nyumbani. Faili halina kona ya kupinda. Lina maswali lakini: halifunguki, programu yangu ni ya zamani, nimebadilisha simu nitumie tena. Andika ukurasa mmoja wa maelekezo yenye picha, uuambatishe kila mauzo, na maswali yatapungua sana.

Kuna na ile ya kuchapisha oda ikija, kampuni inachapa na kutuma kwa niaba yako. Stoo inaondoka, na sehemu nzuri ya faida inaondoka nayo. Inafaa kupimia ni michoro ipi inauzika, kisha ile inayotembea unaichapisha mwenyewe.

Kuhusu usukani: soko la mtandaoni ni la mwenye soko. Mwaka 2022 Etsy walipandisha ada ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Maelfu ya wauzaji waliweka maduka yao likizo kwa wiki nzima mwezi Aprili kupinga. Wiki iliisha, ada ikabaki palepale. Mimi nipo kwenye masoko hayo bado, wateja wapya wanatoka huko. Ila ndani ya kila kifurushi ninaweka kikadi chenye anwani ya tovuti yangu, na akijiandikisha kwenye barua pepe zangu kwa hiari yake, huyo sasa ni mteja wangu.

Mzee wa Fremu

Nimesoma hesabu ya kijana nikatabasamu. Kelly mwenyewe aliweka sharti: ushughulike na hao mashabiki moja kwa moja, pesa isipite mikononi mwa wengi. Watu hunukuu namba na kuliruka sharti.

Tena kuna wanaoondoka. Tuseme kila mwezi wanachama 5 kati ya kila 100 wanajitoa, wala hawajakukasirikia, ni maisha tu yamebana. Mwaka ukiisha, katika ile mia ya mwanzo wamebaki kama 54. Maana yake ukiwa na 1,000 lazima uingize wapya takriban 50 kila mwezi ili ubaki ulipo. Kuwatafuta hao ni kazi, na kazi hiyo si kuchora.

Usukani nao. Desemba 2017 Patreon, tovuti ambako mashabiki huwalipa wabunifu kila mwezi, walitangaza mpango mpya wa ada ambao ungemwongezea gharama kila mchangiaji. Kelele zikawa kubwa na mpango ukafutwa ndani ya siku chache, lakini wapo wabunifu ambao wachangiaji wao walikuwa wameshaondoka. Hawakuwa wamekosea kitu.

Sasa lile lililonileta hapa. Mnalinganisha njia kwa pesa ya mwezi huu. Mimi nauliza: miaka kumi ijayo, nani atakuwa na haki ya mchoro? Mwaka 1938 vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Iliwachukua hadi 1975, wakiwa watu wazima wenye shida, ndipo baada ya kelele za umma wakapewa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao.

Tangu Mkataba wa Bern wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na marekebisho yake, kanuni ya msingi katika nchi wanachama ni kwamba hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi yenyewe bila kusajili popote, na hudumu angalau miaka 50 baada ya mwenye kazi kufariki. Kwa hiyo unapozaliwa mchoro, haki ni zako tayari. Unazipoteza kwa sahihi yako tu, au kwa kuwa ulikuwa mwajiriwa.

Ukiletewa mkataba, tafuta sentensi ya namna hii: "haki zote, duniani kote, milele, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa." Hiyo ni kuuza shamba wakati mnunuzi alihitaji msimu mmoja. Mkodishie: kitabu hiki, lugha hii, miaka mitano. Mchapishaji wa lugha nyingine akija, analipa tena. Mchoro wangu mmoja wa zamani bado unaniletea malipo, na sijaugusa tangu rangi ikauke.

Kijana Pikseli

Mzee umenipiga hesabu hadi nimenyamaza.

Fundi wa Mistari

Nakubaliana na mzee kwa haki, ila tuseme ukweli, mchoraji anayeanza akiandikia kampuni kubwa "nakukodishia miaka mitano" mara nyingine anajibiwa kimya. Mimi ninachofanya ni kuweka bei mbili kwenye ofa moja: ya kutumia kwa muda, na ya kuchukua haki zote. Ya pili ni mara kadhaa ya ya kwanza. Wengi wakiiona wanagundua kumbe hawakuhitaji haki zote. Anayeihitaji kweli, anailipia.

Tulizo

Mbona hakuna anayetaja kubaki? Mimi ni mwandishi, nimeajiriwa siku tatu kwa wiki kwenye kazi isiyohusiana kabisa na uandishi, na sina mpango wa kutoka. Mshahara ndio unaonipa jeuri ya kusema hapana. Wenzangu wengi waliojiajiri wanaandika matangazo ya dawa za meno ili walipe pango, halafu wananionea huruma mimi.

Philip Glass, mtunzi wa muziki, opera yake ilipigwa kwenye ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, mwaka 1976, na baada ya hapo akarudi kuendesha teksi. Alikuwa pia fundi bomba. Sioni kama alikuwa msanii nusu.

Jambo moja tu, kazi ya mshahara isitumie misuli ileile. Ukichora mchana kutwa kwa ajili ya ofisi, usiku mkono hautaki tena. Hapo ndipo shida ya Wino ilipo, naona. Huenda tatizo lake ni ajira hii, wala si ajira.

BintiKaratasi

@Tulizo hilo la misuli ni kweli tupu. Lakini ajira ya siku tatu inapatikana kwa wangapi? Wengi wetu ni siku tano na Jumamosi ya "kuja kidogo tu".

Wino_Mweusi

Asanteni sana, mmenifungua macho. Naona nianze na wateja kwa ajili ya pango, kwa bei mbili kama alivyosema kaka Fundi, na duka la faili pembeni. Uanachama nitauacha kwanza mpaka nione watu wanafungua barua pepe zangu.

Ila mzee Fremu kuna neno lako limenikosesha usingizi, "au kwa kuwa ulikuwa mwajiriwa." Nina michoro ya usiku ya karibu miaka mitatu, ndiyo nilitaka niifungulie duka. Nimetoa mkataba wangu kabatini. Kuna kifungu kinasema kazi yoyote ya ubunifu itakayofanywa na mwajiriwa "katika kipindi cha ajira" ni mali ya kampuni. Hakikutaja saa za kazi. Ina maana hata ya usiku?

Mzee wa Fremu

Binti yangu, tulia. Sheria inatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo huo mkataba umpelekee wakili kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Katika nchi nyingi kinachokuwa cha mwajiri ni kile ulichokifanya kama sehemu ya kazi yako. Kifungu kilichoandikwa kwa upana huo kinaweza kujaribu kuvuka mpaka, na kama kitashinda au hakitashinda, ni wakili wa huko uliko atakayekuambia.

Wakili atakuuliza mambo haya, yaandae. Ulichora kwa kompyuta ya nani? Programu imesajiliwa kwa jina la nani? Kuna mchoro hata mmoja unaofanana na kazi ya mteja wa ofisi? Mafaili asili yana tarehe na saa, usiyaguse wala kuyahifadhi upya, hizo tarehe ndizo shahidi wako. Soma pia kama kuna kifungu cha kukukataza kuchukua wateja wa ofisi baada ya kuondoka, na kwa muda gani.

Wino_Mweusi

Kompyuta ni yangu. Programu ya kuchorea ni ya ofisi, walinipa niitumie na nyumbani.

Mzee wa Fremu

Basi kuanzia leo usichore tena cha kwako kwa programu hiyo, nunua yako. Hiyo ya miaka mitatu, orodhesha kila mchoro kwa jina na tarehe. Wakili akikubali, muombe mwajiri barua fupi inayotaja orodha hiyo na kusema kampuni haina dai juu yake. Iombe ukiwa bado kazini na mnacheka vizuri. Ukishatangaza unaondoka, watakumbuka kusoma kile kifungu.

Fundi wa Mistari

Na duka usilifungue kabla barua haijasainiwa, dada. Hata kwa jina la siri.