MJADALA: Nyimbo mpya 12 za kumtawaza mfalme, zilikuwa za lazima?

Mwanzisha mada
Charles III alipotawazwa Westminster Abbey, London, tarehe 6 Mei 2023, tungo mpya 12 ziliagizwa kwa ajili ya siku hiyo. Mimi nasema zilizidi. Kutawaza si tamasha. Kila wimbo una tendo lake: kuingia, kupakwa mafuta, ushirika mtakatifu, kutoka, na tendo haliingoji kwaya. Wimbo ambao waimbaji wanaujua kwa moyo unanyumbulika, mwongozaji akiukaza au akiulegeza wanamfuata. Wimbo mgeni huimbwa macho yakiwa kwenye karatasi. Tena sherehe ile iligharamiwa na hazina ya umma. Za kale zingetosha. Karibuni tujadili.

Mwalimu wa kwaya
Ndugu, zigawanye kwanza ndipo uzihukumu. 6 zilikuwa za okestra, 5 za kwaya, 1 ya kinanda. Zile za ala karibu zote zilipigwa kabla mfalme hajaingia, wageni wakiwa wameshaketi, kwa hiyo hazikuweza kuharibu tendo lolote. Zinabaki 5 za kwaya, na humo mna vipande vifupi: Kyrie ("Bwana, utuhurumie") ya Paul Mealor kwa Kiwelisi, Alleluia ya Debbie Wiseman iliyoimbwa na kwaya ya injili.

Halafu hizo za kale unazozitetea nazo zilikuwa mpya siku yake. Zadok the Priest (Sadoki kuhani), wimbo wa kupakwa mafuta, iliandikwa na mtunzi Handel mwaka 1727 kwa kutawazwa kwa George II, na Handel mwenyewe alikuwa Mjerumani aliyepata uraia wa Uingereza mwaka huohuo. Wala haikuwa siku nzuri kwa muziki: William Wake, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliandika kwenye nakala yake ya ibada kwamba uimbaji ulivurugika.

Sauti ya nne
Tuseme basi kwa nini huvurugika, maana shida hiyo ipo hadi leo. Mwaka 1727 waimbaji na wapigaji waligawanywa kwenye majukwaa tofauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo waliotengana kwa mita 34 husikiana kwa kuchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwenye mwanzo wa Zadok, ambapo fidla zinapanda na kushuka taratibu kwa vipimo (bar) 22 kabla ya kwaya kulipuka, kasoro hiyo haionekani sana. Ngoja ufike kwenye Amen na Aleluya za mwisho, pale sauti zinapokimbia nota nne kwa kila pigo. Ukienda mapigo 120 kwa dakika, kila nota ina sekunde 0.125 tu. Besi anayesubiri kuisikia okestra ndipo aimbe ameshaachwa karibu nota nzima. Anayeimba kwenye jengo kubwa afuate mkono, asifuate sikio, na asipouona mkono awekewe skrini. Mwaka 2023 nako walitengana: okestra iliyoongozwa na Antonio Pappano ilikaa juu kwenye roshani ya kinanda, kwaya ya Andrew Nethsingha ikawa chini.

Kwa wanaotaka kuijaribu Zadok huku kwetu: Doh ni D, na kwaya inaingia kwa sauti saba, yaani soprano mbili, alto mbili, teno moja, besi mbili. Kwaya ya watu 30 hubaki na wanne au watano kwa kila sauti. Besi ya pili ndiyo huzama kwanza.

Mpiga kinanda
Kunyumbulika hakuletwi na umri wa wimbo. Mwaka 1902, Edward VII alipotawazwa, I was glad ya Hubert Parry ilikuwa mpya kabisa (maneno yake ni Zaburi 122, "Nalifurahi waliponiambia"). Mwongozaji, Frederick Bridge, akaimaliza mfalme hajafika mahali pake. Walter Alcock akajaza pengo kwa kinanda akibuni papo hapo, kisha wimbo ukarudiwa. Utasema ni kwa sababu ya upya. Sikubali. Kwaya iliyoweza kurudia utungo ule haikuwa na shida ya kuujua. Kilichokosekana ni taarifa ya mlangoni. Msafara wowote unahitaji mtu mlangoni wa kutoa ishara, na mpiga kinanda aliye tayari kurefusha katika ufunguo uleule.

Mwanzisha mada
Kuhusu zile za ala, nimekubali. Kwenye kupakwa mafuta sitetereki. Maneno ya Sadoki kuhani yanatajwa tangu Mfalme Edgar alipotawazwa mjini Bath mwaka 973, na muziki wa Handel umekuwapo kila mara tangu 1727. Mwaka 2023 mfalme alipakwa mafuta nyuma ya pazia. Watu hawakuona kitu, muziki ndio pekee uliowaambia kinachotendeka. Mahali hapo pasiguswe.

Mchangiaji, Kampala
Naunga mkono. Kabaka Mutebi II alitawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, na hakuna aliyedai Mujaguzo, ngoma za ufalme wa Buganda, zitafutiwe mbadala. Kuna milio inayomfanya mtu kuwa mfalme machoni pa watu wake.

Mwalimu wa kwaya
Hapo kwenye mafuta tuko pamoja, na hata waliopanga 2023 hawakupagusa. Tubishanie ushirika. Sanctus ("Mtakatifu") ya Roxanna Panufnik na Agnus Dei ("Mwanakondoo wa Mungu") ya Tarik O'Regan ziliwekwa huko, ambako zikiisha mapema kinanda kinaendelea na hakuna anayeshtuka. Ukiwa na mtunzi aliye hai, mpe nafasi hiyo, mpe na ukomo wa dakika kwa maandishi kabla hajaanza kuandika. Wewe ungeweka nini pale?