Ekzosi imetoboka, niizibe na nini mpaka nilipwe karafuu?

Mtoto wa Konde
Assalaam alaykum jamani. Kirikuu changu (Suzuki Carry) ekzosi imeliwa na kutu, imetoboka kabla ya kufika sailensa, tundu kama sarafu ya mia mbili. Nikiwasha Konde, Micheweni wanajua. Msimu wenyewe ndio huu, gari naitaka kila siku, na pesa ya bomba jipya sina mpaka nilipwe. Kuna mtu kaniambia nizibe kwa ile gamu ya chuma ya kuchanganya tyubu mbili. Itashika?

Chuma Chakavu
Waalaykum salaam. Gamu ile ya kawaida usipoteze pesa, haihimili moto wa ekzosi. Itakauka vizuri, utafurahi, ukipanda kilima cha kwanza inabanduka.

Tafuta kopo la maziwa ya unga, lile la bati gumu. La soda laini mno. Kata kipande kizunguke bomba zima na kipandane kidogo, ila pale kinapopandana pasikae juu ya tundu, pawe upande wa pili. Kabla ya hapo piga msasa mpaka chuma king'ae, inchi mbili kila upande. Wengi hapa ndipo wanapofanya uvivu. Ukiwa na visenti nunua dawa ya kuzibia ekzosi duka la spea, paka chini ya bati. Kisha klipu mbili za chuma, zile za mipira ya rejeta, kaza kwa bisibisi. Washa gari isimame inanguruma taratibu, dawa ikauke kwa joto dogo kwanza. Na yote haya bomba likiwa limepoa, yakhe!

Mtoto wa Konde
Bati la paa je? Ninalo kipande.

Chuma Chakavu
Kwa kufunga tu litafaa. Lakini lina zinki, livue kabla fundi hajachomelea. Moshi wake humtia mtu homa.

Mama Wawili Wete
Mbona hamjagusia hewa? Carry injini iko chini ya kiti. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo usijipe moyo kuwa hunusi kitu. Vioo wazi, usiiache ikinguruma bandani, na kichwa kikianza kuuma simama ushuke. Watoto wa skuli chini ya turubai huko nyuma usipakie kabisa mwanangu, hata wakikulilia.

Dereva Mkoani
Angalia na raba zinazoning'iniza bomba. Ikikatika moja, bomba linachezacheza na kiraka chako hakifiki Chake. Funga kwa waya wa nondo, nailoni itayeyuka. Siku ya kuchomelea mwambie fundi atoe waya wa betri kwanza.

Mtoto wa Konde
Ahsanteni sana. Nimefunga kopo na klipu, na raba moja kweli ilikuwa imekatika. Kelele zimepungua, ila kuna pahala bado panapumua na sipaoni.

Chuma Chakavu
Asubuhi gari ikiwa baridi, paka povu la sabuni kwenye kiraka chote, mwenzako awashe. Panapotoa mapovu ndipo hapo. Na klipu zirudie kuzikaza, zikishapata moto mara moja hulegea.