Mjadala: Artemisia nyuma ya nyumba hapa Bukavu, tunywe ama tuache?

Mama Furaha, Muhungu: Wapendwa, jirani yangu amepanda artemisia, ule mmea wanaosema unatibu palu (malaria), ukuta mzima. Mtoto akipata homa, anachuma majani, anachemsha, anamnywesha siku saba. Kupima damu, hapana. Anasema farmasi zimemsahau. Mnaonaje? Huku kwetu tumejaza nyasi za paspalum na maua ya kuangalia tu. Si afadhali kila kiwanja kipandwe dawa?

Muganga wa Zamu: Mama, mwambie aache. OMS, Shirika la Afya Duniani, ilisema 2019: majani ya artemisia, chai au unga, visitumiwe kutibu wala kuzuia palu. Artemisinini, ile dawa iliyomo, inapanda na kushuka kufuatana na udongo, wakati wa kuvuna, hata namna ya kukausha. Mtoto anapata nusu dozi, homa inatulia, kisha inarudi na degedege. Tena vimelea vinazoea. Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi tu hapa, tangu 2020 imeandikwa kwamba vingine vimeanza kuvumilia dawa. Ni washamba tu wanaocheza na hii kitu.

Mushi Halisi: Washamba? Wewe ulisomeshwa na nini, kama si ndizi za mama yako kule Walungu? Tulikunywa mubirizi, yale majani machungu, OMS haijazaliwa bado!

Muganga wa Zamu: Sikutaja Walungu.

Mushi Halisi: Hukutaja, lakini njo ulikuwa unaangalia huko. Na yule mama wa China aliyepewa Nobel 2015, hakuitoa dawa kwenye majani hayo hayo?

Profesa Bila Kiti: Tu Youyou, ndiyo. Ila hadithi yake inawaumbua wachemshaji. Alihisi moto unaiua dawa, akarudi kwenye maandishi ya kale ya Kichina: loweka mmea kwenye maji, kamua, kunywa. Kuchemsha hakumo. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Na ule utafiti wa Maniema uliosifu chai hiyo, wa wagonjwa karibu 1,000, msiulete hapa. Jarida lililouchapisha limeshaufuta.

Mushi Halisi: Limeufuta kwa faida ya nani? Wauza vidonge! Madagascar nao walichekwa 2020 kwa kinywaji chao cha artemisia.

Muganga wa Zamu: Ile ilikuwa korona, bana. Tunaongelea palu.

Mtoto wa Kadutu: Mimi nimekwama kwenye "paspalum". Mama Furaha, umeshafika Cimpunda? Nikifungua dirisha nagusa ukuta wa jirani. Nipande wapi, juu ya bati?

Mama Furaha, Muhungu: Kaka, hata ndani ya bidoni inaota. Sikumtukana mtu.

Mtoto wa Kadutu: Bidoni ni za maji, mama. "Kila kiwanja", eti. Kiwanja gani? Sisi mvua ikinyesha usiku hatulali, tunasikiliza kama mlima unashuka.

Balozi wa Nguba: Nani aliwatuma kujenga kwenye mteremko? Miti mumekata nyie wenyewe.

Mtoto wa Kadutu: Na wewe uliyejaza udongo ziwani ukapandisha etaji, nani alikutuma? Nani alikusainia karatasi?

Balozi wa Nguba: Karatasi zangu ziko sawa.

Mtoto wa Kadutu: Zote ziko sawa, mpaka ziwa lije kudai fasi yake.

Mushi Halisi: 😂😂 Hapo Balozi amemeza mwiba.

Mama Furaha, Muhungu: Jamani, huo mmea si ungesaidia kushika udongo pia?

Profesa Bila Kiti: Annua, artemisia ya China, hapana, ikishatoa maua na mbegu inakufa. Afra, ile ya kwetu Afrika, inakaa miaka na inashika kwa kipandikizi tu. Ila artemisinini ndani yake ni kidogo sana au hakuna kabisa. Kwa mteremko, pandeni matete.

Muganga wa Zamu: Na yule mtoto? Apelekwe kituo cha afya, apimwe TDR, kile kipimo cha haraka cha palu. Ni tone moja la damu, dakika chache.

Balozi wa Nguba: Matete yanavuta panya.

Mushi Halisi: Panya wa Nguba wananona kwa keki.

Mama Bustani, Bagira: Samahani, nina miche ya afra ndani ya sashe. Nauza.

Mtoto wa Kadutu: Miwili franka ngapi? Na unaleta mpaka Cimpunda, ama motari wako naye anaogopa mteremko?