Farasi watazame wapi? Swali kuhusu kupanga kete za sataranji

Mchezaji wa Jinja
Habari zenu, wapenzi wa sataranji. Tangu nilipojifunza mchezo huu nimezoea kuwaelekeza farasi wangu wamtazame mpinzani, na kuiweka kila kete katikati kabisa ya mraba wake kabla ya kusogeza hata askari mmoja. Juzi, katika mashindano mjini Kampala, mpinzani wangu aliwapanga farasi wake wakitazama ubavuni, na hilo sikulijali. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa akinyoosha mkono kuzirekebisha kete, zake na zangu, wakati saa yangu ndiyo inayotembea, yaani zamu ni yangu. Kanuni zinasemaje?

Mwamuzi, Mbale
Ndugu, hayo ni mambo mawili tofauti. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinataka mraba mweupe uwe kwenye kona ya kulia ya kila mchezaji. Malkia naye husimama kwenye rangi yake. Kuhusu uso wa farasi hazisemi lolote. Kugusa, hata hivyo, ni jambo zito. Mwenye zamu peke yake ndiye anayeruhusiwa kurekebisha kete, na ni lazima kwanza atamke kwamba anarekebisha, au aseme kwa Kifaransa, kama wengi wafanyavyo, j'adoube. Asipotamka, kete yake aliyoigusa kwa makusudi atalazimika kuicheza, na ya mpinzani atalazimika kuila, ikiwa hatua hiyo inawezekana. Ulikuwa na haki ya kusimamisha saa na kumwita mwamuzi papo hapo. Usione haya kufanya hivyo.

Mzee wa Masaka
Wanangu, mimi nilianzia kwenye omweso, mchezo wetu wa jadi unaofanana na bao. Huko kila mchezaji ana kete 32 za mbegu, naye huzipanga apendavyo katika mashimo ya upande wake, kwa hiyo vita huanza kwenye mpango wenyewe. Nilikuwa nikimwona marehemu baba yangu akihamisha mbegu moja kati ya mashimo mawili, mara huku, mara kule, hadi moyo wake utulie. Sataranji nayo ina kete 32, lakini ni za watu wawili, na kila moja imekwisha kuamriwa mahali pake. Uso wa farasi ndio uhuru uliobaki, nami naomba tusinyang'anyane.

Mwalimu, Mbarara
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ingawa mimi huwashauri wanaoanza wawageuze farasi ubavuni, kwa sababu hapo umbo la kichwa huonekana wazi, ilhali farasi anayeonekana kwa nyuma, hasa katika seti za plastiki, huweza kudhaniwa askofu. Katika seti yetu yumo farasi mweusi aliyevunjika sikio. Mtoto mmoja humgeuza kila mara ili upande uliovunjika umwelekee yeye, mpinzani asiuone. Simkatazi.

Mchezaji wa Jinja
Asanteni sana. Farasi wangu watabaki wakitazama mbele. Ila mkono wa mtu ukivuka tena wakati wa zamu yangu, nitasimamisha saa.