Fundi kachokonoa simu yangu na kijiti cha mdomoni mwake, kanilamba 35,000

MshonajiRangiTatu (mleta uzi), saa 1:12 usiku

Wakuu, leo sisalimii. Salamu zangu zimebaki Kariakoo pamoja na elfu thelathini na tano yangu.

Yule fundi simu. Mnamjua. Wa pale chini ya ngazi, mwenye meza ya kioo iliyojaa maiti za simu kama mochwari, mita ya kupimia umeme kaivaa shingoni kama daktari wa wodi. Nyote mmeshapita pale, msijifanye wageni.

Simu yangu tangu juzi haiingizi chaji. Ukichomeka, waya unachezacheza tu, mpaka uulaze ubavu ndipo kale karadi kanatokea, ukipumua kanaondoka. Na mimi ni fundi nguo. Vipimo vya kamati nzima ya harusi vimo humo, watu 22, harusi Jumamosi, na yupo shangazi wa bwana harusi ambaye siwezi kumwambia arudi nimpime kiuno upya, maana mara ya kwanza tu tuliachana vibaya. Chaji asilimia 3. Nikapanda daladala nimeishika simu kama yai.

Nafika, akaitupia jicho kama konda anavyomtazama mwanafunzi. "Dada, sistimu chaji imekufa. Aisii imepiga shoti. Elfu 45." (Aisii ndiyo kale kachipu ka ndani kanakosimamia chaji.) Tukavutana, tukafika 35, akataka mkononi kwanza. Nikatoa. Ndiyo, nilitoa kwanza, mtanitukana baadaye.

Sasa. Mdomoni alikuwa na kijiti cha meno. Katoka kula, na alichokula kilikuwa na vitunguu. Akakitoa MDOMONI. Akakiingiza kwenye tundu la chaji la simu yangu. Akachokonoa mara tatu. Kikatoka kidonge cha nyuzi, kikubwa kama punje ya choroko, kijani cha chupa, na nikakitambua wakuu: sare za kwaya nilizoshona mwezi wa sita! Akapuliza, fuu. Akachomeka waya. Chaji ikaingia.

Halafu akakirudisha kijiti mdomoni.

Narudia kwa waliokuwa jikoni: AKAKIRUDISHA MDOMONI. Na kwaya yangu ikiwa bado imening'inia.

Nikamwambia haya, nirudishie hela, aisii uliyobadilisha iko wapi? Akanitazama, kijiti kinahama shavu la kushoto kwenda la kulia, akasema: "Dada'angu, unalipia ujuzi, hulipii kijiti."

Ujuzi! Sekunde 12! Nimepiga hesabu kwenye daladala: elfu 35 kwa sekunde 12 ni milioni 10 na nusu kwa saa. Mbunge haoni ndani.

Simu yenyewe sasa naishika kwa tishu, nikipigiwa naweka spika, majirani wote wanajua madeni yangu. Msiniambie pole. Niambieni mate ya mtu kwenye tundu la chaji yanauliwa na dawa gani.

Kobe_wa_Buguruni

Nimewahi siti ya mbele. Bisi ziko wapi?

Mzee wa Kifutio

Binti yangu, umepigwa, na umepigwa mchana kweupe. Waya ukicheza, ukawa hauingii mpaka mwisho, kwanza shuku uchafu. Aisii ikifa, waya unakaa vizuri tu ila chaji haiji. Siku nyingine zima simu, mulika tundu kwa tochi, chukua kijiti cha mbao KIPYA, kichonge kwa kisu kiwe chembamba, ukwangue pembeni taratibu kuelekea nje. Tundu la Type-C lina kaulimi katikati. Hako usikakandamize, kakivunjika ndipo sistimu chaji inapokufa kweli. Na sindano usitumie. Najua dukani kwako zimo mia, usitumie. Chuma kitagusanisha vile vimeno vya ndani, utapiga shoti uliyoambiwa umepiga.

Mate: spiriti kidogo kwenye mswaki laini usiotumika, simu ikiwa imezimwa, iache ikauke kabisa. Sanitaiza ya jeli hapana, inaacha utelezi.

bintiSinza

Mzee "KIPYA" kakiandika kwa herufi kubwa 😂😂

MshonajiRangiTatu

Asante mzee wangu, umenifundisha. Lakini hamjanielewa. ALIKIRUDISHA.

ChaiYaTangawizi

Hii ni chai. Leta picha ya kijiti.

MshonajiRangiTatu

Ningempigaje picha na simu ilikuwa kinywani mwake??

Kobe_wa_Buguruni

Kijiti kilikuwa kinywani, simu ilikuwa mezani. Tulia mama, utameza kidole.

Msema_Kweli_Pekee

Naomba nisimame na fundi, mnitukane tu. Ukimpunguzia mtu suruali dakika tano unachukua buku tano. Je, unamuuzia mkasi? Hapana. Unamuuzia ujuzi. Kama ulijua ni nyuzi ungetoa mwenyewe nyumbani. Kosa lake ni kusema aisii. Angesema "ni uchafu, elfu tano", tungekuwa tumelala.

MshonajiRangiTatu

Mkasi wangu siuweki mdomoni.

Gauni_la_Idi

Subiri kwanza. Pini je?

bintiSinza

😳

Gauni_la_Idi

Nauliza tu kwa upole. Fundi nguo wangu huwa anabana pini mdomoni, tena kumi na kitu, anaongea nazo, anacheka nazo, anazichomoa moja moja anazichomeka kwenye gauni langu likiwa mwilini. Mleta uzi, wewe pini zako unaziweka wapi?

MshonajiRangiTatu

Pini ni tofauti.

Kobe_wa_Buguruni

HAHAHAHAHA jamani nimeanguka kitandani

Gauni_la_Idi

Na tukiwa hapohapo. Fundi nguo alichukua kitambaa changu siku ya tano ya Ramadhani. Idi ikaja, ikapita, Idi Kubwa ikaja, ikapita. Kila nikipiga: "limebaki kola tu." Gauni lenyewe halina kola!

ChaiYaTangawizi

Wangu alinishonea suruali mguu mmoja mrefu. Nikamwambia. Akaniambia simama vizuri.

Nyuki_Dume

Jamani uzi ni wa simu. Ngoja nitoe langu maana naona hapa ndipo kikao kinapofanyika.

Mwaka jana flashi yangu ilichukua kirusi pale ninapochapishaga. Kufungua nyumbani, folda zote zimegeuka vishale (shortcut), ukibofya haziendi popote. Humo mlikuwa na picha za msiba wa babu, pekee tulizonazo. Nikampelekea fundi kompyuta. Akaangalia kwa huzuni ya kulipwa, akasema "data zimekufa, hapa ni kuformati." Akaformati, kila kitu kikafutika. 15,000. Kaniformatia babu.

Mwezi uliofuata kijana wa ofisini, wa kujitolea hata mshahara hana, flashi ya bosi ikapata kirusi kilekile. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, cmd, akaandika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

(E ni herufi ya flashi, yako inaweza kuwa F au G, tazama kwanza.) Akapiga Enter, akaenda kunywa maji. Karudi, mafaili yote haya hapa. Kumbe kile kirusi hakifuti kitu, kinayaficha tu na kukuwekea vishale vya uongo. Akahamisha mafaili, akafuta vile vishale bila kuvibofya, akapitisha antivairasi. Bosi anacheka, mimi nimekaa pale natazama ukuta. Babu yangu alikuwa kafichwa tu.

bintiSinza

Pole sana mkuu. "Kaniformatia babu" nimecheka halafu nimejisikia vibaya.

Mzee wa Kifutio

Hao wa "hapa ni kuformati" ni ukoo mmoja. Jina langu humu mnalionaga bila kuuliza, leo nawapa kisa. Laptopu ilikuwa inawaka taa, feni inazunguka, kioo cheusi. Fundi akasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, 180,000. Nikasema hata shamba sikulinunua hivyo. Nikachomoa chaji, nikatoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili umeme uliobakia utoke. Nikarudisha, bado. Nikachomoa tena kila kitu, nikafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi, nikachomoa RAM (kile kibao cha kumbukumbu), nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha mjukuu wa darasa la tatu, nikapangusa ungaunga wote, nikaichomeka mpaka ikalia tik. Ikawaka. Mjukuu ananidai kifutio mpaka leo.

Ila betri ikiwa imevimba, laptopu haifungi vizuri au simu imebenuka mgongo, hapo usijifanye fundi. Usiitoboe, usiibonyeze. Ile inawaka moto kweli.

Msema_Kweli_Pekee

Simu ikiingia maji weka kwenye mchele, wakuu. Dawa ya bure.

Nyuki_Dume

Bure kwako. Mchele wa Kyela huu! Na Apple wenyewe walishaandika 2024 kwamba iPhone usiiweke kwenye mchele, punje ndogondogo zinaweza kuiharibu. Ikung'ute tundu likitazama chini, iache penye upepo, usichomeke chaji mpaka ikauke.

Msema_Kweli_Pekee

Mimi ilipona kwenye mchele.

Nyuki_Dume

Ilipona kwa sababu uliiacha siku mbili bila kuigusa. Ungeiweka kwenye dengu ingepona.

ShangaziHasomiUjinga

Samahani wanangu, mimi huku nimeletewa na kijana wangu, kasema shangazi hebu soma. Mleta uzi, ndiyo wewe wa pale karibu na mashine ya kusaga? Mimi ndiye shangazi wa bwana harusi. Kiuno changu kina nini?

Kobe_wa_Buguruni

WAKUU MSIFUNGE UZI

bintiSinza

Uwiiiii

ShangaziHasomiUjinga

Nasubiri. Ulinipima 41 ukaandika 44, nikakuambia. Nguo naifuata kesho saa 4 asubuhi, na iwe 41.

Gauni_la_Idi

Shangazi angalia isije ikawa imebaki kola.

ChaiYaTangawizi

Mleta uzi kapotea. Simu imeisha chaji tena?

Kobe_wa_Buguruni

Yuko kwenye cherehani saa hizi, pini zimejaa mdomoni hawezi kuandika.

Mtaa_wa_Pili

Mimi shida yangu rimoti ya tivii. Nimebadilisha betri mara mbili, haiwashi. Ni rimoti au tivii? Fundi anataka nibebe tivii nzima, inchi 43, kwenye bodaboda.

Nyuki_Dume

Usibebe. Washa kamera ya simu, ya mbele ni bora maana nyingi za nyuma zinachuja ule mwanga, elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe. Ukiona kwenye kioo cha simu kataa ka zambarau kanawaka, rimoti nzima, tatizo liko kwenye tivii. Usipoona kitu, rimoti ndiyo mgonjwa. Ifungue, safisha vile vifungo vya mpira na spiriti.

Mtaa_wa_Pili

Haiwaki taa. Nimeifungua. Kuna mende. Mzima, na familia.

bintiSinza

Mpangaji halali huyo, usimtoe bila notisi.

Juma_Anaandika

Wa244 na60ba 0saada 3a*t6*4 yang4 5naand52a na0ba t4

ChaiYaTangawizi

Huyu katuma namba ya siri ya benki.

Kobe_wa_Buguruni

Jibuni wenye lugha yake.

Juma_Anaandika

1a0an5 s5 4tan5

Mzee wa Kifutio

Mwacheni kijana. Juma, kibodi yako imejifungia namba. Laptopu ndogo zinaazima herufi za upande wa kulia kuwa namba: U inakuwa 4, I 5, O 6, J 1, K 2, L 3. Tafuta kitufe kilichoandikwa NumLk au NumLock, kibonyeze pamoja na Fn. Mara moja tu.

Juma_Anaandika

Imekubali!!! Mzee wangu Mungu akuweke. Wiki tatu nilikuwa nakwepa herufi, bosi namtumia ripoti hazina "kilo" wala "mauzo". Fundi aliniambia kibodi imekula maji, ibadilishwe 60,000, na nimeshamwachia kianzio 20,000. Naidaije?

Nyuki_Dume

Panga foleni. Mimi fundi wangu namdai babu.